Chachu Iliyofungwa Kamba

Bijou na Clarisse, Jumatatu mtaingia jikoni kwa Madame Ines bila mimi. Mlango wa nyuma unakwama. Msiusukume, uinueni kidogo, kisha uvuteni. Mengine nilitaka kuwaeleza kwa mdomo siku ile mlipokuja kuangalia kazi, lakini mliniona wenyewe: nilisema "karibuni", nikageuka, nikaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Kwenye karatasi aibu yangu inapungua. Kwa hiyo nimefungua madaftari yangu ya miaka mitano, yale ninayoandika kila nikirudi kazini, nikachagua yatakayowafaa. Ninastaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tantine Rebeka anasema watu wazima wamengoja kustaafu miaka thelathini, na mimi nimepata kabla hata ya kupata mume.

Ya mshahara sitasema. Mtauona wenyewe, na mkiuona mtaelewa kwa nini sikusema.

Nilianza mwaka ule shule zilipofungwa muda mrefu kwa sababu walimu walichoka kufundisha bure. Baba yangu alikuwa fundi kwenye mtambo wa umeme wa Koni, anarudi nyumbani mara moja kila majuma mawili, na mimi nilikaa Shituru kwa dada yake, Tantine Rebeka, ambaye huuza mikate ya kukaanga asubuhi mbele ya nyumba. Papa Donat, mpishi wa Madame Ines, alikuwa mteja wake. Siku moja alisimama na mkate mkononi, akaniangalia nikisugua sufuria.

"Mama Rebeka, unipe ule mutoto. Anafanya kazi bila kusema. Jikoni kwetu kuko bantu mingi ya kusema."

Nilipofika niliwatafuta hao watu wengi. Alikuwa mmoja tu: Madame Ines mwenyewe. Alizaliwa upande wa Milano, akaja hapa na bwana yake, mjenzi, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville. Bwana alipokufa aliweka meza sita sebuleni na kuanza kupikia watu chakula cha kwao. Alikuwa mfupi, na alisema na chakula zaidi ya kusema na watu. "Weye, juu ya nini unalala?" aliuliza sosi ya nyanya iliyokataa kuchemka.

Siku ya kwanza Papa Donat alinipa aproni na kijiko kimoja kidogo. "Hiki haiko cha kukoroga," akasema. "Ni cha kuonja. Unaonja, unakiosha, unakirudisha mufukoni. Muntu asiyeonja ni muchukuzi wa sahani tu."

Na kweli nilikuwa mchukuzi. Baada ya uporaji wa maduka mjini watu hawakutoka tena kuja kula kwa Madame. Wengine waliogopa, wengine gari halikuwa na mafuta. Basi chakula kiliwafuata kwao, kichwani pangu, katika beseni lililofunikwa kitambaa. Hivyo ndivyo nilivyojua vyakula vya Waitalia: kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine.

Nyumba ya mbali ilikuwa ya Mzee Carmelo, kule Kakontwe, aliyekuwa kapita, msimamizi wa machimbo ya chokaa. Yeye alitoka Sisilia, na alitaka kanoli: unga unaviringishwa juu ya kipande cha tete, unakaangwa, tete linatolewa, kisha ndani unajaza jibini laini lenye sukari. Jibini hatukuwa nalo. Papa Donat alichemsha maziwa ya unga, akayakatisha kwa ndimu, akayaning'iniza ndani ya kitambaa mpaka maji yakatoka yote. Mzee Carmelo alikula mbili, akafuta sharubu, akasema, "Hii haiko ya kweli. Ya kweli, iko ya mama yangu." Kisha akachukua ya tatu.

Kikula, kwenye misheni, alikuwa Padre Silvio, mtu wa Veneto. Yeye alitaka polenta, na polenta ni bukari, ugali wetu huu huu. Usibishane na Muitalia juu ya jambo hili. Wao wanaifanya nyororo, wanaimwaga juu ya ubao, ikipoa wanaikata kwa uzi. Nilipomsimulia Tantine alishika mbavu kwa kucheka. "Bukari inakatwa na uzi? Sasa mikono Mungu alitupa ya nini?" Padre naye alisema ile yetu si ya kweli, kwa sababu mahindi ya kwao ni ya manjano.

Na kule mtaa wa Panda aliishi Madame Assunta, mjane wa Napoli. Kila Pasaka alitaka keki yao ya jibini, ndani yake punje za ngano zilizochemshwa. Ngano nzima haikupatikana, Papa Donat akatia punje za mahindi meupe. Madame Assunta alikula, akalia machozi, akasema haikuwa ya kweli, akaniomba nimwachie na sahani.

Nilirudi nimevunjika moyo. Papa Donat akanicheka.

"Judith, sikia. Muitalia akilalamika, weye shukuru Mungu, kesho atatuma tena. Akinyamaza, kimbia urudi. Kuko kitu tumeharibu."

Sikumwamini mpaka siku niliyochanganya kopo la chumvi na kopo la sukari nikijaza kanoli. Kijiko changu kilikuwa mfukoni na sikukitoa. Nilikuwa na haraka. Mzee Carmelo aliuma, akaweka chini, akasema "asante" kwa upole sana. Hakusema jingine. Nilirudi kutoka Kakontwe na vumbi la chokaa miguuni hadi magotini, na njia nzima niliisikia ile "asante". Onjeni. Hata mkiwa na haraka, onjeni.

Sasa nawaambia juu ya vyombo. Yale makopo makubwa ya maziwa ya unga yaliyo juu ya kabati msiyatupe: ndiyo ya kuokea panetone, mkate mtamu wa Noeli, mrefu, wenye zabibu na maganda ya machungwa. Zile njiti ndefu za chuma ni za gurudumu la baiskeli ya Papa Donat. Panetone ikitoka kwenye moto ni laini mno. Ukiiacha imesimama inaanguka ndani yake yenyewe. Unaichoma njiti mbili chini, unaigeuza kichwa chini, unaitundika kati ya viti viwili mpaka ipoe. Mara ya kwanza kuona makopo manane yananing'inia kama popo nilifikiri ni mchezo.

Na moyo wa kazi yote ni chachu. Si ile ya paketi. Ni donge la unga ambalo Madame alilirithi kwa mama yake, akaja nalo melini, na tangu wakati huo linalishwa kila siku. Unakata nusu, unaongeza bunga ya ngano na maji kidogo, unakanda, unaliviringisha ndani ya kitambaa kizito cha kitani, kisha unalifunga kwa kamba, kaza kabisa, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Likitaka kuvimba na kamba inalizuia, linapata nguvu. Kila siku linasukuma kamba, kila siku unalifungua. Madame analiita "mama". Na kanuni ya kwanza ya Papa Donat, aliyonisemesha mara kumi kama katekisimu: kabla ya kuchanganya mkate, toa kipande cha kesho.

Papa Donat aliondoka mwaka wangu wa pili. Wazazi wake walitoka Kasai, na wakati ule watu wa Kasai waliambiwa hapa si kwao, hata wale waliozaliwa katika hospitali zetu. Alikaa siku nyingi kituoni akingoja treni. Nilimpelekea chakula. Alionja, akasema, "Pilipili ni mingi." Nilijua alichonipa. Sijapata barua yake bado.

Baada ya hapo tulibaki wawili, Madame na mimi, na mambo yalizidi kupungua: umeme, mafuta, wageni. Bunga ya ngano ikawa kitu cha kutafutwa. Tantine alianza kuchanganya yake na ya muhogo, na mikate yake ikalala sahanini kama soksi.

Mwaka wa nne, mwezi wa kumi na moja, jicho la Madame likaharibika, ikabidi aende Lubumbashi kupasuliwa. Angekaa majuma matano. Aliniita jikoni, akaniwekea mikononi lile donge lililofungwa, na gunia dogo la bunga.

"Judith. Bezi bakiiba viti, baibe. Bakiiba kitanda, baibe. Hii, hapana. Nikirudi nitakuuliza kitu moja tu."

Hapa nilifanya kosa, na nawaandikia hasa kwa ajili ya kosa hili. Sikumwambia Tantine kitu. Donge nililiweka katika beseni chini ya kitanda changu. Gunia la bunga nililifungia ndani ya sanduku, chini ya vitabu vya shule. Nilikuwa nalisha chachu Tantine akiwa nje anauza. Sikusema uongo hata mmoja. Nilidanganya kwa kunyamaza, na kunyamaza nakujua.

Jumamosi moja, mchana, nilikuwa narudi kuteka maji kwenye kisima cha jirani, kwa sababu bomba za Shituru zilikuwa kavu tangu Jumatano. Nikasikia Tantine anapiga kelele. Alikuwa amefagia chini ya kitanda changu. Beseni lilikuwa katikati ya uwanja, na yeye amesimama mbali nalo, ufagio juu, kama mtu aliyekuta nyoka.

"Bwanga! Kuko bwanga ya bulozi mu nyumba yangu!"

Dawa ya uchawi aliyoiona ilikuwa chachu niliyoilisha asubuhi. Kwa joto lile ilivimba mpaka kamba ikazama ndani ya kitambaa, na ilikuwa inalia, kii, kii, kama kiatu kipya. Lazima niseme ukweli: hata mimi niliyeijua, ilinitisha kidogo.

Tantine husali katika kanisa la maombi, na wamama wa kikundi chake walikuwa wamekutana nyumba ya tatu. Walifika upesi. Kiongozi wao ni Mama Esteri, muuza makala, makaa ya kupikia, ambaye sauti yake ndiyo kengele ya mtaa.

"Nani analala pale?" akauliza.

"Judith," akasema Tantine.

"Ule asiyesema?"

"Njo yeye."

"Minye nilisema! Mutoto akinyamaza vile, iko na kitu anaficha."

Wakati ule mtoto akiitwa mulozi, mchawi, hakulala tena kwao. Nilijua wawili waliokuwa wanalala sokoni. Lakini sikuwaza soko. Nilimwona mama mmoja anakuja na chupa ya petroli ya taa, nikawaza: Madame atarudi, ataniuliza kitu kimoja.

"Ni mukate," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mpaka kuku wakakimbia.

"Ni mukate!"

"Mukate gani banafunga na kamba?" akasema Mama Esteri.

"Ya Bazungu. Ni chachu yao. Ukiifunga inapata nguvu."

"Iko inapumua, angalia!"

"Chachu yote inapumua, Mama. Hata ya Tantine. Hata munkoyo yako inapumua mu mutungi."

Munkoyo ya Mama Esteri, kinywaji chake cha mahindi, inajulikana mtaa mzima. Mama mmoja alicheka, akaficha mdomo ndani ya kitenge. Mama Esteri hakucheka.

"Basi pika. Pika hapa, mbele yetu. Kama ni mukate, tutakula. Kama haiko mukate, moto utasema. Lakini yote! Usibakishe hata kidogo. Hatutaki mbegu ya shetani ibakie hapa."

Nilitaka kumwambia juu ya kipande cha kesho. Lakini maneno yangu yote ya siku ile nilikuwa nimeshayamaliza.

Nilifungua sanduku mbele ya Tantine. Aliangalia vitabu vikitoka, akaangalia gunia la bunga, akaniangalia mimi. Nilikata chachu yote vipande vipande, nikachanganya, nikakanda kwenye beseni. Kamba waliitupa motoni. Mama mmoja akachukua kitambaa nacho akitupe, Tantine akamnyang'anya.

"Kitambaa hapana. Hii ni kitani ya muzuri. Nitaifua na sabuni, weye utaiombea."

Tulingoja unga uvimbe. Wamama waliimba, walisinzia, walichambua mboga, mmoja alisukwa nywele. Jua lilipoanza kushuka niliweka unga ndani ya sufuria, makala chini na makala juu ya kifuniko, na harufu ikatoka. Mtoto wa jirani akauliza ni sikukuu gani.

Hakuna aliyetaka kula wa kwanza. Mama Esteri aliombea ule mkate kwa muda mrefu, akamtaja kila shetani kwa jina, kisha akamega. Alitafuna macho yamefungwa.

"Ni mukate," akasema, akamega tena.

Wakala wote. Yote iliisha, mpaka makombo ya sufuria. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Tantine alinifuata. Akakaa juu ya tofali pembeni yangu. "Unalilia nini? Umeshinda."

Nikamweleza yote: mama yake Madame, meli, swali moja. Alisikiliza, kisha akauliza lile nililokuwa naogopa.

"Ile bunga, juu ya nini uliificha? Uliwaza minye nitaiiba?"

"Ndiyo, Tantine."

Alipangusa majivu mikononi. Halafu akasema, "Ni kweli. Ningeiiba," na akaanza kucheka, akacheka mpaka nami nikaanza kucheka na kamasi puani. Kisha akasimama ghafla. "Kitambaa," akasema.

Kilikuwa ndani ya karai, kinangoja kufuliwa. Sabuni ilikuwepo, maji hayakutosha; ile ndoo yangu yote ilikuwa imekwenda kwenye mkate na kuosha mikono ya wamama. Kwenye mikunjo ya kitani chachu ilikuwa imekauka na kushika kama ukoko wa uji. Mji mzima ulilalamika juu ya zile bomba. Mimi niliziombea baraka.

Tulikwangua kwa kijiko changu cha kuonja. Tulipata kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa. Tantine alikilowesha katika maji ya vuguvugu, akatia bunga kidogo, akaweka kikombe karibu na mbabula, jiko lake la makala. "Miaka makumi mbili minye nafanya mikate," akasema. "Minye na chachu tunajuana. Usiilishe sana. Mugonjwa banamupa uji, habamupe nyama."

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili ilinuka vibaya. Siku ya tatu sikula. Siku ya nne asubuhi Tantine aliniita sijanawa uso: "Judith! Kuya uone! Mama yako anaamuka!" Palikuwa na povu moja, dogo kama jicho la samaki. Tulilitazama mpaka likapasuka, tukangoja la pili. Majuma mawili baadaye ilikuwa donge la kujaza kiganja. Tantine alichana pindo la kitenge chake cha zamani, tukalifunga.

Madame alirudi siku chache kabla ya Noeli na jicho moja limefunikwa. Hata mzigo hakuutua.

"Iko muzima?"

Nikamwambia yote, tangu kunyamaza kwangu hadi kifuniko cha chupa. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja. Alifungua kitenge, akanusa, akabana donge kwa vidole viwili. "Tutaona," akasema, basi.

Siku mbili tulikanda na kungoja. Machungwa yalikuwa ya hapa, zabibu zilikuwa kiganja kimoja tu, za mwisho kwenye kopo. Panetone ziliponing'inia kwenye njiti za Papa Donat sikuthubutu kuzihesabu. Asubuhi ya tatu Madame alikata kipande, akakaa kwenye meza ya dirishani. Nilisimama mlangoni. Aliuma. Alitafuna. Aliangalia nje. Hakusema kitu.

Niliiona njia ya Kakontwe, nyeupe, na miguu yangu juu yake. Nilihesabu vigae vya sakafu. Jicho lake lililo wazi lilikuwa na maji, lakini daktari alimwambia yote mawili yatatoa maji.

"Zabibu ni kidogo," akasema. "Na maganda umekata kama mbao." Akanyoosha sahani tupu bila kunitazama. "Leta tena."

Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilihitimu. Mwaka mmoja zaidi nimefanya, na sasa naenda Lubumbashi kusomea uuguzi, mahali ambapo nasikia ni lazima kusema na wagonjwa.

Basi: lisheni chachu asubuhi, toeni kipande cha kesho, kijiko kiwe mfukoni. Waambieni watu wa nyumbani kwenu kilicho ndani ya kitambaa. Yenu ikifa, msifiche; nendeni Shituru kwa Tantine Rebeka, anayo nyingine karibu na mbabula, na siku hizi mikate yake haijui tena kulala. Mzee Carmelo na Padre wangalipo, na watawaambia kila mara kwamba si ya kweli. Noeli mpelekeeni kipande na Mama Esteri. Atakula, atafuta mdomo kwa kitenge, atasema sukari ni kidogo. Msiongeze.